Huenda ya Ukurasa wa 187

Pale chuoni, walikosomea vijana wanaotaka upadri, hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimu walimwita Mama Chapa, wanafunzi wakamwita Mama Chapa, na mara moja hata barua ya likizo yake iliandikwa hivyo kwa utani, ikapigwa mhuri kabla mtu hajashtuka. Alikuwa mpiga chapa wa chuo kwa miaka kumi na tisa. Alianza na mashine iliyogonga kama nyundo ya fundi bati, akahamia kwenye kompyuta, jina likabaki. Chumba chake kilikuwa katikati ya ofisi ya gombera, yaani mkuu wa chuo, na stoo ya vitabu. Kilikuwa na meza moja, printa, dirisha linalotazama kamba za kuanikia nguo, na kabati la chuma ambalo halikufungika mpaka ulipige kwa goti.

Kazi yake kubwa ilikuwa mwandiko wa mtu mmoja. Mtu huyo alikuwa padri mzee aliyefundisha habari za dini nyingine: Mungu anawatazamaje watu wasio Wakristo, na hizo dini zao ni njia, au ni ukuta, au ni kitu gani. Alikuwa amesoma mbali, akarudi na masanduku sita ya vitabu na tabia ya kutosema jambo moja kwa moja. Wanafunzi wakampa jina la Padri Huenda. Ukimuuliza kama mvua itanyesha, atakujibu huenda ikanyesha, na huku maji yanamchuruzika kofiani. Jina alilijua, wala halikumuudhi.

"Kuna majina mabaya zaidi," alimwambia Mama Chapa. "Hujui gombera wanamwitaje."

"Najua, Padri. Barua za kuwakanya nazipiga mimi."

Padri hakugusa kompyuta. Aliandika kwa penseli, nyuma ya karatasi za mitihani ya zamani, kwa sababu alisema karatasi yenye upande mmoja mweupe bado ina haki ya kuishi. Mwandiko wake ulikuwa mdogo, umelala, kama majani yaliyopigwa na upepo. Ni watu wawili tu walioweza kuusoma, yeye na Mama Chapa, na miaka ya mwisho, macho yake yalipoanza kuingia ukungu, alibaki Mama Chapa peke yake.

Mume wa Mama Chapa alikuwa fundi cherehani, naye alikuwa Mwislamu. Walikutana pale pale chuoni, alipoletwa kupima wanafunzi kanzu. Walioana kwa ruhusa ya askofu, kila mtu na dini yake, na wale waliotabiri kwamba ndoa haitamaliza mwaka walialikwa chai ilipotimiza kumi. "Ijumaa mimi huenda, Jumapili wewe huenda," Fundi alikuwa akisema, "nyumba haikosi mlinzi."

Padri alimpenda sana. Alikuwa akijifanya kanzu imembana ili tu Fundi aitwe. Mama Chapa alikuwapo siku moja Padri amesimama juu ya kigoda, mikono ameinyoosha, Fundi anampima bega, pini tatu mdomoni.

"Fundi," Padri akasema, "mimi naandika kitabu kuhusu nyie. Nauliza kama mtafika."

Fundi akatoa pini moja moja, akazichomeka kwenye mkono wa shati lake. "Na wewe je, Padri? Kwetu nako kuna watu wanauliza kama utafika."

"Wanasemaje?"

"Wapo wanaosema huenda. Shusha mkono."

Padri alicheka mpaka kigoda kikayumba, na Mama Chapa akalazimika kumshika kiunoni, mume wake akimtania kwamba sasa ndoa imeingia mtu wa tatu.

Kitabu kilichukua miaka kumi na moja. Kilipofika sura ya saba, Fundi akaugua figo. Akawa mtu wa kitandani kwa wiki tisa. Siku ya mwisho, saa tano asubuhi, wodi ikiwa imejaa wageni wa vitanda vingine, alimwangalia mke wake akamuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza juu ya safari ya sokoni, "Tutaonana?"

"Tutaonana," akamjibu.

Hakufikiri. Neno lilitoka lenyewe. Fundi alizikwa jioni ile ile kwenye makaburi ya watu wake, na Mama Chapa akabaki na lile neno, hajui kama alisema kweli au alimdanganya mtu anayekufa.

Dada yake mkubwa, aliyekuja kukaa naye, hakumsaidia. Alikuwa mwanamke mwema, mtu wa kanisani kila siku, na wema wake ulikuwa wa kusema ukweli kama alivyofundishwa akiwa mtoto.

"Mwombee, mdogo wangu," alimwambia wakikunja nguo za marehemu. "Kuomba hakukatazwi. Lakini usijidanganye. Kubatizwa hakubatizwa, na nafasi alikuwa nayo, miaka yote hiyo anakushonea gauni la Krismasi."

"Dada, nyamaza."

"Nanyamaza. Hii suruali tunampa nani?"

Mama Chapa alirudi kazini baada ya wiki mbili. Siku ya pili ya kurudi alipiga chapa ukurasa uliokuja kuwa wa 187. Wiki iliyofuata, kama walivyofanya kwa kila sura, akamsomea Padri kwa sauti yale aliyoyapiga, Padri amefumba macho, mkono shavuni, akiinua kidole kila panapotakiwa kurekebishwa. Alisoma: "Nao wanaomtafuta kwa moyo safi, katika dini waliyozaliwa nayo, huenda kwa Mungu kwa njia hiyo hiyo." Kidole kikainuka kidogo. Kikashuka.

"Endelea," Padri akasema.

Kitabu kikatoka, nakala mia tano, jalada la kijani. Padri akamwandikia yake: kwa macho yangu ya pili. Mama Chapa alikipeleka nyumbani, akafungua ukurasa wa 187, akamwekea dada yake mbele ya kikombe cha chai.

"Soma hapo."

Dada akavaa miwani. Alisoma mara mbili, akifuata kwa kidole. "Huenda kwa Mungu," akasema. "Padri kasema hivi? Kwamba wanakwenda?"

"Kasema."

"Na kanisa limemruhusu?"

"Kimechapwa, Dada."

Dada akavua miwani. Akasema tu, "Mimi nilisomeshwa vingine, lakini mimi si padri." Tangu siku hiyo hakulirudia tena suala la ubatizo, na Mama Chapa alianza tena kulala upande wake wa kitanda, badala ya katikati.

Alipata miezi saba ya namna hiyo.

Kisha ikaja barua kwa gombera, kutoka kamati inayosimamia mafundisho ya imani. Gombera alikuwa kijana kuliko Mama Chapa, mwembamba, mwenye haraka, lakini hakukosa adabu.

"Shikamoo, mama. Hii itolewe nakala mbili. Na usimsomee mtu."

"Marahaba. Nimsomee nani, kabati?"

Gombera hakucheka, na hapo Mama Chapa akajua ni jambo kubwa. Barua ilisema kwamba mwandishi, katika ukurasa wa 187, mstari wa sita, anafundisha bila shaka yoyote kwamba dini nyingine zenyewe huwafikisha watu kwa Mungu. Ikauliza kama anakiri kuwa hayo ndiyo maneno yake. Alipewa siku thelathini za kujibu, na kwa muda huo asifundishe.

Mama Chapa aliisoma akisubiri printa ipate joto. Alipoisoma mara ya pili, macho yake yakasimama kwenye maneno matatu: bila shaka yoyote. Miaka kumi na tisa alikuwa akimpigia chapa mtu huyu, mahubiri, mihadhara, barua za kuomba soksi kwa binamu yake, na hakuwahi kumpigia maneno hayo. Padri hakuwa nayo. Akatoa nakala mbili, akazipeleka, akarudi, akafunga mlango.

Hakuwa mtu wa kutupa kitu. Kila karatasi ya penseli ilikuwa kwenye maboksi, imepewa namba. Boksi la kumi na nne, karatasi ya sitini na moja. Neno la mwisho kabisa, chini, kwenye kona, lilikuwa huenda. Akafunua ya sitini na mbili. Neno la kwanza, juu, lilikuwa wakafika.

Huenda wakafika kwa Mungu.

Alikaa kwenye kiti. Neno moja lilirukwa alipotoka karatasi moja kwenda nyingine, na kompyuta haikupiga mstari mwekundu, kwa sababu hapakuwa na kosa la kuonekana. Huenda wakafika: mtu anasema labda. Huenda kwa Mungu: mtu anasema ndivyo wanavyofanya, kama Fundi alivyokuwa akienda Ijumaa. Baadaye alizihesabu huenda zote za kitabu kile, akapata mia mbili na kumi na nne, na mia mbili na kumi na tatu zilikuwa za kusitasita. Akajiuliza kama ni uchovu wa siku ile au ni vidole vyake vilivyotaka. Alijiuliza kwa haki kabisa, kama anayemuuliza mtu mwingine, na hakupata jibu.

Zile karatasi mbili alizikunja, akazitia kwenye mkoba, akatembea nazo siku tatu. Hakuna mwingine aliyejua maboksi. Hakuna mwingine aliyeweza kusoma mwandiko. Akizichana, sentensi ingebaki jinsi ilivyo, mume wake angebaki ndani yake, na lile neno alilomwambia wodini lingebaki kweli, angalau kwenye karatasi. Lakini kila asubuhi, saa mbili na nusu, alimwona Padri dirishani kwake, amevaa kanzu yake ya kufundishia iliyoshonwa na Fundi, akiwatazama wanafunzi wanavyovuka uwanja kwenda darasa la mtu mwingine.

Siku ya nne akapiga hodi.

"Shikamoo, Padri."

"Marahaba, Mama Chapa. Umekuja wakati mzuri. Nina kazi yako." Mezani palikuwa na karatasi za penseli, mpya. Alikuwa na furaha ya ajabu, mashavu yamepata rangi. "Nawajibu hawa mabwana. Siku nne sasa. Nimefika ukurasa wa tisa."

"Unawajibu nini?"

"Kwamba ni kweli. Naitetea." Akagonga karatasi kwa kifundo cha kidole. "Sikuwahi kuandika hivi, mama. Sioni hata ninachoandika, naandika kama ninayesukumwa."

Alisimama na mkoba wake kifuani. Angeweza kuomba karatasi za kwenda kupiga chapa, akatoka. Mpaka siku zake za mwisho alikumbuka kwamba mlango ulikuwa wazi nyuma yake, na kwamba kulikuwa na mtu anafagia uani.

"Padri, nimekukosea," akasema. Akamsomea karatasi ya sitini na moja, mstari wa mwisho, akageuza, akamsomea ya sitini na mbili.

Padri akamwambia asome tena. Akasoma tena. Padri akaanza kucheka, polepole, bila sauti, mabega yakitikisika.

"Kwa hiyo si mimi," akasema. "Siku nne naitetea sentensi ya mpiga chapa."

"Nisamehe, Padri."

"Nawe uliponisomea nilisikia, unajua? Niliinua kidole. Kisha nikasema moyoni, kumbe niliandika hivi, kumbe siku moja nilikuwa na moyo mkubwa kiasi hiki. Nikashusha kidole." Akajifuta macho. "Nilijiheshimu sana kwa ajili ya sentensi hiyo."

Mama Chapa akashusha mkoba. "Basi si uiache? Umeshafika ukurasa wa tisa. Inateteeka, umesema mwenyewe."

"Inateteeka."

"Basi."

 Mtu wa uani akamaliza kufagia, akasikika akigonga ufagio kwenye ngazi.

"Nikiitetea leo nitakuwa nasema kwamba najua," Padri akasema. "Nimetumia miaka kumi na moja kuandika kwa uangalifu kwamba sijui. Nilipodhani ni yangu niliifuata, kama mtu anavyoyafuata maneno yake mwenyewe. Sasa nimejua si yangu, nayo miguu imekwisha." Akazikusanya zile karatasi tisa, akazilinganisha kingo kwa mazoea, akazichana mara mbili, akazitia kwenye kapu chini ya meza. Kipande kimoja kikaanguka nje ya kapu. Mama Chapa, ambaye macho yake yalikuwa mazima, alisoma bila kutaka: fundi mmoja niliyemjua.

Akainama, akakiokota, akakitia kapuni.

"Chukua kalamu," Padri akasema. "Tuwaandikie."

Barua ilikuwa na mistari sita. Gombera aliisoma akapumua kama mtu aliyetua mzigo. "Mama, neno moja tu?" akasema. "Tumekosa usingizi kwa neno moja?" Akaagiza kichapwe kijikaratasi cha masahihisho: ukurasa wa 187, mstari wa 6, badala ya "huenda kwa Mungu" soma "huenda wakafika kwa Mungu". Aliyekichapa ni Mama Chapa. Aliyekata vile vijikaratasi kwa mkasi ni Mama Chapa. Nakala zilizokuwa bado stoo zilikuwa mia nne na tatu, na alizibandika mwenyewe kwa siku mbili na nusu, amekaa juu ya boksi, chupa ya gundi gotini. Alibandika vizuri, kijikaratasi kimenyooka, pasipo kububujika gundi pembeni, kwa sababu hakujua namna nyingine ya kufanya kazi. Kila alipofungua ukurasa aliiona sentensi, na kila alipofunga alikuwa ameirudisha ilikotoka. Jioni ya siku ya pili aligundua alikuwa akisema jambo kwa sauti, akanyamaza asikilize ni nini. Alikuwa akihesabu.

Nakala yake alikuwa ameiacha nyumbani. Ilikuwa nakala ya kitabu kile kile, yenye kosa lile lile. Alikwenda na kijikaratasi kimoja ndani ya bahasha, akakibandika kitabuni pale mezani, dada yake akimtazama.

"Nini hicho?"

"Masahihisho. Nilikosea kupiga chapa."

Dada akavuta kitabu, akavaa miwani, akasoma kile kijikaratasi, kisha sentensi, kisha kijikaratasi tena.  Akafunga kitabu, akakisogeza mbali na maji ya chai, akainuka akaenda kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Kamati ikajibu baada ya wiki sita. Walishukuru kwa masahihisho, wakayaona yanatosha. Pamoja na hayo, kwa kuzingatia umri na macho ya mwandishi, wakashauri apumzike kufundisha. Somo lake likapewa kijana aliyelifundisha kwa kusoma kitabu kingine. Padri akapelekwa kwenye nyumba ya mapadri wazee, nje ya mji, na masanduku yake sita yakabaki stoo, kwa sababu huko alikopewa kitanda hapakuwa na rafu.

Mama Chapa akasikia habari hizo kwa kuzipiga chapa. Alipofika kwenye neno apumzike, akaondoa mikono kwenye kompyuta, akaitazama. Kama angezichana zile karatasi siku ile, Padri angeondoka vilevile. Tofauti ingekuwa kurasa tisa na sentensi moja.

Akaenda kumtembelea mwezi wa tatu. Alimkuta barazani, kwenye kiti cha plastiki, blanketi magotini na jua linawaka. Macho yalikuwa yamekwisha kabisa, lakini alimtambua kwa miguu.

"Mama Chapa. Leta kiti. Huku chai wanaipika kwa kuionea huruma sukari."

Walizungumza habari za chuo, za kabati lililofungwa sasa kwa waya, za gombera na jina lake jipya. Padri akacheka panapostahili. Mhudumu akapita kukusanya vikombe. Kisha wakabaki wawili, na Mama Chapa akaona kwamba kama hatauliza leo, hatauliza tena.

"Padri, nikuulize si kama mwalimu."

"Uliza."

"Mume wangu."

Hakuongeza neno, na Padri hakujifanya hakuelewa. Aligeuza uso kuelekea uwanja ambao hakuuona. Midomo yake ilisogea, kama alivyokuwa akifanya zamani kabla ya kuandika, akiionja sentensi.

"Huenda," akasema.

Mama Chapa, kwa mazoea ya miaka kumi na tisa, alikuwa tayari ameinama mbele kidogo, kichwa ameinamisha upande, akisubiri neno linalofuata. Alisubiri mpaka jua likahama kutoka kwenye blanketi. Padri alikuwa amefumba macho, mkono shavuni. Hakuna kidole kilichoinuka.